Naomba ushauri: manivela ya Land Rover ya marehemu baba

Jambo sana wazee na ndugu mafundi. Niko Bukavu, huku Kadutu. Baba alituachia Land Rover Series III, injini ya petroli ya lita 2.25, na sitaki kuiuza kama chuma chakavu. Demareri (mota ya kuwashia injini) imekufa. Bampa ya mbele ina lile tundu la katikati, na nikimulika tochi naona ile nati yenye meno kwenye puli ya injini, lakini manivela yenyewe, ule mkono wa chuma wa kuzungushia injini ili iwake, ilipotea zamani.

Fundi mmoja anataka kunichomelea moja kwa nondo. Naogopa. Nondo si chuma cha kazi hiyo, na pini ya manivela ikiteleza kwenye meno, mkono utapiga bampa. Je, manivela ya Series II inaingia kwenye hii? Nani amewahi kupata ya asili Goma au hapa kwetu?

Jambo la pili ndilo linaloninyima usingizi. Jirani alivunjika kifundo cha mkono injini iliporudisha teke, yaani manivela ilipogeuka ghafla kinyume. Nimefundishwa hivi: gia huru, breki ya mkono, mawe chini ya magurudumu (kwetu ni kilima kitupu), kidole gumba kikae upande mmoja na vingine, kisha kuvuta kwenda juu, si kusukuma chini. Ni sawa? Na taimingi (wakati cheche inapowasha petroli) niiangalie kwanza? Nasikia cheche ikiwahi mno ndipo inaporudisha. Tafadhali anijibu aliyeizungusha kwa mkono wake mwenyewe.