Nataka kuona kiduha kinavyoshika mzizi wa mtama kwa 3D, nianzie wapi?

mtama_mweupe:
Habari zenu wakuu. Nafanya masters kuhusu kiduha (Striga), lile gugu linalonyonya mizizi, kwenye mtama. Ukishayaona yale maua ya zambarau shambani ujue mavuno yameshaliwa, maana kinanyonya chini kwa chini kabla hakijachomoza. Sasa nikikata mzizi kwa wembe nikaweka kwenye hadubini ya kawaida napata kipande bapa tu, kile kinyonyeo, yaani kiungo ambacho kiduha kinakipenyeza kwenye mzizi, kinapinda, nikikata hapa kimeshaelekea kule, hadi leo sijaona kinavyoingia kwenye mirija ya maji ya mtama. Wengine wananiambia konfoko (hadubini ya leza), wengine CT (picha za eksirei za 3D). Nishike ipi, na lazima nipeleke sampuli nje?

fundi_lenzi:
Mkuu anza na konfoko. Leza inapiga nukta moja moja, halafu kuna kitundu kidogo kinachozuia mwanga wa juu na wa chini ya pale ulipolenga, unapata picha kali ya tabaka moja, unashuka kidogo unapiga nyingine, kompyuta inazipanga kama chapati kwenye sahani, ndo 3D yenyewe. Ila ukipita mikroni 100 hivi (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) ndani ya mzizi ni ukungu mtupu. Dawa yake ni kuufanya mzizi uwe angavu. Kuna ClearSee, Wajapani waliitoa 2015, ni zailitoli 10%, sodiamu deoksikoleti 15% na yurea 25% kwenye maji. Fiksi kwanza (yaani hifadhi seli zisiharibike) kwa paraformaldehaidi 4%, osha, loweka siku kadhaa ukibadilisha dawa. Rangi tumia Calcofluor White kwa kuta za seli na Basic Fuchsin kwa lignini (kile kinachokaza kuta za seli ziwe ngumu kama mti), mirija ya maji ina lignini nyingi kwa hiyo itawaka, utaifuata kwa macho mpaka pale mgeni alipoingilia.

mama_maabara:
Mwanangu, usivutwe na uzuri wa picha tu. Konfoko kwa ubapa inatenganisha vitu mpaka mikroni 0.2 hivi, lakini kwenye kina inafika 0.5 au mbaya zaidi, duara linatoka kama yai. Mimi niliwahi kupima seli kwa upande huo wa kina nikarudia kazi ya wiki mbili nzima. CT ni nzuri ukitaka mzizi ukiwa bado ndani ya udongo, hukati kitu, ila seli moja moja inakupa shida. Na tafadhali sana usisafirishe mbegu hai za kiduha, ni kama vumbi, milimita 0.3 tu, zikimwagika hazikusanyiki. Peleka mizizi iliyofiksiwa, na uwaulize TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania) vibali kabla hujafunga boksi.

mtama_mweupe:
Asanteni sana, shikamoo mama. Kemikali tunazo kasoro deoksikoleti. Konfoko ndo hatuna.

fundi_lenzi:
Agiza hiyo deoksikoleti uanze hapo hapo chuoni. Shikiza mzizi kwenye agarosi (inaganda kama jeli), kata vipande vinene vya mikroni 150 hivi badala ya vyembamba, vikishakuwa angavu hata hadubini yenye taa ya fluoresensi (inayofanya zile rangi ziwake) itakuonyesha njia ya kinyonyeo, na konfoko utaenda na vile vizuri tu. Picha fungulia Fiji, programu ya kompyuta ya kuchambua picha, ni ya bure. Ukipata ya kwanza irushe hapa tuione.