Gumzo la Kikundi cha Santuri za Ijumaa: Tuliyoyasikia katika Rumours

Mwalimu Kombo: Habari za jioni, ndugu zangu. Nawashukuru nyote mliofika jana tukasikiliza Rumours, albamu ya bendi ya roki ya Fleetwood Mac, tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho bila kuruka hata mmoja. Naomba tuuzungumzie mpangilio wa nyimbo hizo 11, kwa sababu naamini albamu hii iliyotoka Februari 1977 haimwelei vizuri mtu anayeokota nyimbo mbili tatu kwenye simu na kuziacha nyingine.

Mama Neema: Nzuri, Mwalimu. Mimi kilichonigusa ni kwamba watu hawa walikuwa wanaachana huku wanaimba pamoja. Ndoa ya Christine na John McVie ilikuwa imevunjika, Stevie Nicks na Lindsey Buckingham walikuwa wametengana, na nyumba ya Mick Fleetwood, mpiga dramu, nayo haikuwa na amani. Lakini mwaka 1976 waliingia studio moja kule Sausalito, California, wakafanya kazi. Nilipousikia wimbo wa "You Make Loving Fun" nilimfikiria John, aliyepiga besi kwa utulivu ule katika wimbo ambao aliyekuwa mke wake alimtungia mwanamume mwingine.

Dada Rehema: Shikamoo Mzee Salum, shikamoo Mwalimu. Mama Neema, nakubaliana nawe, na ndiyo maana mpangilio una uzito. "Dreams", wimbo wa pili, ni wa Nicks, naye anamwambia mwenzake kwa upole kwamba upweke utamfundisha. Wimbo wa tano, "Go Your Own Way", ni wa Buckingham, na humo hakuna upole wowote. Una mstari uliomuumiza sana Nicks, akaomba uondolewe, nao haukuondolewa, na bado sauti yake imo katika kiitikio.

Mzee Salum: Marahaba, mwanangu. Sisi tuliokulia kwenye taarabu tunayajua majibizano ya namna hiyo, ambapo mtu hupigwa kwa wimbo naye akajibu kwa wimbo. Tofauti ninayoiona ni kwamba katika taarabu kila upande huwa na kikundi chake na wapenzi wake, na fumbo humsitiri mlengwa, lakini hawa walijibizana ndani ya kikundi kimoja, na aliyelengwa ndiye aliyesaidia kuupamba wimbo unaomlenga. Hilo kwangu ni jambo zito kuliko sifa zote za mauzo.

Fundi Juma: Wazee wangu, naomba niwapinge kidogo kwa heshima. Tukizama mno katika ugomvi wao tutaacha kuusikia muziki wenyewe. Sikilizeni gitaa la "Never Going Back Again": nyuzi zilikuwa zikibadilishwa kila baada ya dakika 20 hivi, kwa kuwa uzi mpya una mlio angavu ambao hupotea ukishapigwa kwa muda. Tena utepe mkuu, ule wenye rekodi asili, ulichezwa mara nyingi mno wakati wa kuongeza sauti na ala, hata ukaanza kuchakaa na milio ya juu ya dramu ikafifia. Bahati nzuri kulikuwa na utepe wa pili wenye ngoma zilezile, haujachakaa, lakini mashine mbili hazikuweza kwenda sawa zenyewe. Fundi mmoja alivaa visikilizio, sikio moja likisikia utepe huu na jingine ule, akawa anarekebisha mwendo kwa mkono, wimbo baada ya wimbo, hadi tepe hizo zikalingana. Kwa mtu wa kazi yangu, mkono ule unastahili heshima sawa na ya watunzi.

Mwalimu Kombo: Juma, umenifunza jambo, na wala halipingani na hoja yangu. Angalia "The Chain", unaofungua upande wa pili wa santuri. Uliungwa kwa vipande vilivyorekodiwa kwa nyakati tofauti, na ndio wimbo pekee katika albamu hii ambao wanabendi wote watano wameandikwa kuwa watunzi. Besi ya John inapobaki peke yake kabla ya gitaa kuingia kwa kishindo, kila mmoja jana alinyamaza. Kabla yake tu, upande wa kwanza ulikuwa umefungwa na "Songbird", Christine na piano yake, uliorekodiwa katika ukumbi mtupu wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley. Ukizigawanya nyimbo hizi mbili, unaukosa mshtuko wa kutoka dua hadi ghadhabu.

Dada Rehema: Linalonisikitisha ni "Silver Springs". Nicks aliutunga kuhusu kuachana kwake na Buckingham, ukaondolewa katika albamu kwa sababu ulikuwa mrefu na upande wa santuri una mipaka yake, kisha ukawekwa nyuma ya santuri ndogo ya "Go Your Own Way". Jibu lake likafichwa mgongoni mwa shutuma aliyotupiwa. Katika onyesho lao la 1997 aliuimba akimkazia macho Buckingham, na ukiutazama utaona kwamba miaka 20 haikupunguza kitu.

Mzee Salum: Basi Ijumaa ijayo tuuanze huo, Rehema, kisha turudie upande wa pili wote. Juma, nakuomba uje na spika zako kubwa, maana zangu haziitendei haki besi ile.

Mama Neema: Nitakuja mapema. Nataka kuisikia "Oh Daddy" tena, ambayo jana tuliipita bila kuisemea neno, na sauti ya Christine humo haistahili kupitwa.