Naomba ushauri: maisha yanaenda, ila mwenyewe sijielewi

Habari zenu wakuu. Mimi ni kijana, nauza vitenge kwenye duka la mtu Kariakoo, naishi Gongo la Mboto. Kula na kodi si shida, namshukuru Mungu. Ila nikishafunga duka, nimebanwa kwenye daladala, najiuliza haya yote ni ya nini, jibu sipati. Mama anasema nioe, yataisha. Naona nitamtesa bure binti wa watu.

Kinachonituliza ni kumfundisha hesabu mtoto wa jirani jioni. Akishika kugawanya kwa njia ndefu, moyo unakuwa mwepesi kabisa. Nafikiria kusomea ualimu Chuo Kikuu Huria huku nafanya kazi. Je, huo ndio wito, au nakimbia upweke tu? Mliopitia hali hii, mlijitambuaje?