Muuzaji asema "ipo", kumbe hana: skrini ya laptopu Mombasa

mkazi_wa_tudor
Assalamu alaikum jamaa. Natafuta skrini ya laptopu, inchi 15.6, ya kawaida isiyo ya kugusa. Mtandaoni matangazo yamejaa, bei kuanzia 4,500 mpaka 8,000, lakini wauzaji watano wana picha ile ile moja, na kila ukiuliza jibu ni "ipo, lipa nikutumie". Ukisema waja kuiona, hakuna duka. Nitamjuaje mwenye mali mkononi kabla pesa haijatoka? Na nikishalipa nikaanza kuzungushwa, nishike wapi?

fundi_bondeni
Waalaikum salaam. Wengi wa hao si wezi, ni madalali. Muuzaji wa jumla kule Luthuli, Nairobi, aweka picha na bei kwenye kundi la WhatsApp. Dalali aichukua picha, aongeza elfu moja au mbili, aitangaza kama yake. Wewe ukishalipa ndipo apiga simu kuuliza kama bado zipo. Zikiwa zimekwisha, hawezi kukwambia maana pesa yako keshaizungusha, basi waanza kusikia "kesho".

Uzuri ni kwamba skrini ina mambo ambayo hayajui ila aliyeishika. Nyuma yake kuna karatasi ya modeli, kitu kama NT156WHM-N42. Usimtajie wewe, mwambie akusomee yeye. Kisha muulize soketi ya waya ni pini 30 au 40, na kama pembeni ina masikio ya skrubu au haina. Mwenye mali aigeuza tu akajibu. Asiyekuwa nayo anyamaza nusu saa, kisha akwambia "hiyo yaingia laptopu zote". Hakuna skrini yaingia laptopu zote. Nyingi za miaka hii ni pini 30. Pini 40 utazikuta kwenye za kugusa, kwenye zile za michezo za 120 au 144 Hz, na kwenye laptopu za zamani za LVDS, mfumo wa kale wa kupeleka picha kwenye skrini. Hapo kuwa mwangalifu sana: pini 40 ya LVDS na pini 40 ya eDP, mfumo wa siku hizi, kwa macho zafanana, lakini umeme na ishara zake si sawa. Ukilazimisha waweza kuunguza skrini au bodi.

Kwa hivyo kabla hujamuuliza mtu yeyote, zima mashine, chomoa betri, fungua fremu ya mbele na usome namba nyuma ya skrini yako iliyovunjika. Bila namba hiyo hata muuzaji mkweli atakuletea siyo.

Akijibu vyema, taka picha ya ile karatasi ya modeli, kando yake kipande cha karatasi chenye jina lako na saa ya sasa, kimeandikwa kwa mkono. Picha ya kuokota haiwezi kuwa na jina lako. Simu ya video ni bora zaidi: aigeuze mbele na nyuma ukiwa watazama.

dada_kisauni
Fundi kasema kweli, ila msitutie sote chungu kimoja. Kuuza kwa kuagiza si dhambi, dhambi ni kuandika "ipo". Tangazo langu laandikwa "ya kuagiza, siku mbili", na sipokei pesa mpaka mwenye mali Nairobi aniambie ameiweka kando kwa jina langu. Wanaoumia na kuumiza wateja ni wale wenye kipande kimoja walichokitangaza mahali patatu. Kikiuzwa kwenye Facebook, matangazo mengine mawili yabaki wazi wiki nzima. Wengine hawafuti makusudi, tangazo lenye watazamaji wengi huwa chambo: "hiyo imetoka jana dada, lakini kuna hii ya 7,500".

Sasa hesabu ya "kesho". Mabasi ya Nairobi husafiri usiku na kufika Mombasa asubuhi. Kifurushi kikipelekwa ofisini jioni, kesho yake asubuhi kinaweza kuwa Mwembe Tayari, kwenye ofisi za mabasi. Kwa hivyo "kesho" ya kwanza yakubalika. Siku hiyo hiyo ya kutuma taka picha ya risiti ya mzigo, yenye namba na jina la mpokeaji, kisha ipigie simu ofisi ya basi wewe mwenyewe. Hakuna risiti, hakuna mzigo. "Kesho" ya pili bila risiti, taka pesa yako siku hiyo, usingoje ya tatu.

karani_makupa
Naongeza upande wa malipo na sheria.

Ukinunua kwenye jukwaa lenye kikapu na oda, muuzaji aliyekosa mali mara nyingi atakuomba wewe ndiye ughairi: "boss, futa hiyo oda tuongee WhatsApp". Usifanye. Oda aliyoghairi mnunuzi haimharibii muuzaji rekodi, ya kukosa stoku humharibia. Na ukitoka nje ya jukwaa, ulinzi wa pesa yako umeuacha huko. Mwache aghairi mwenyewe, au ripoti kwa sababu yake halisi, "bidhaa haipo". Tazama pia ile hila ya kuweka alama ya "imetumwa" wakati namba ya kufuatilia haisogei kituo hata kimoja.

Ukilipa moja kwa moja, lipa kwenye namba ya tili, siyo namba ya mtu. Jina la biashara litabaki kwenye ujumbe wako wa M-Pesa, na jina hilo utalihitaji. Kutuma ujumbe kwa 456 ya Safaricom ili pesa irudi ni kwa pesa iliyokwenda namba siyo. Usiitegemee kumaliza ugomvi wa bidhaa. Mtu akizima simu kabisa, hapo si dalali tena: peleka namba yake kwa 333, ya Safaricom ya kuripoti utapeli, na uandikishe ripoti polisi.

Kisheria, kuuza kitu usichokuwa nacho bado hakukatazwi, ni bidhaa ya baadaye, yaani unayoahidi kuipata kisha uilete. Kusema kipo ilhali hakipo ni jambo jingine: Sheria ya Ushindani ya 2010 inakataza maelezo ya uongo kuhusu bidhaa, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 ina sehemu yake ya mikataba ya intaneti. Kwa elfu tano au sita njia inayofaa ni Mahakama ya Madai Madogo, nayo Mombasa ipo. Husikiliza madai yasiyozidi milioni moja, huhitaji wakili, na sheria yake ya 2016 inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Lakini lazima umjue unayemshtaki na pa kumpata. Chapisha mazungumzo yenye neno "ipo" na ujumbe wa malipo, na piga picha tangazo kabla hajalifuta.

mkazi_wa_tudor
Ahsanteni sana. Kuna mmoja amenisomea namba bila kusita na akubali nilipe nikishaiona. Ila ataka 300 ya bodaboda mapema. Nimpe?

fundi_bondeni
Usimpe yeye. Mwambie mwenye bodaboda akupigie akishaishika skrini, nauli utampa mkononi akifika. Akiwa na mali hatakataa. Wako wanaoishi kwa hizo 300 tu, mali hawana wala hawataki kuwa nayo.

Ikifika, usibandue nailoni ya kinga. Linganisha namba ya modeli kwanza, chomoa betri, unganisha waya bila kufunga skrubu, kisha rudisha betri na uwashe. Weka picha nyeupe tupu, halafu nyeusi tupu. Kwenye nyeupe utaona madoa na mistari, kwenye nyeusi utaona mwanga unaovuja pembeni. Hilo lakuchukua dakika kumi, mwenye bodaboda mwambie angoje. Nailoni ikishatoka au masikio yakishapindwa, hakuna muuzaji atakayeipokea tena.