Kwa nini Rubaga, tarafa ya jiji la Kampala, Uganda, ina vilima vyenye vilele bapa?

Swali: Ndugu wanajukwaa, ningependa kueleweshwa jinsi vilima vya Mengo, Namirembe na Kasubi vilivyotokea na kwa nini kila kimoja kina historia yake.

Jibu 1: Vilele hivyo vimefunikwa na tabaka gumu jekundu lenye chuma, ambalo mvua hulimomonyoa kwa shida, ilhali udongo laini wa pembeni ulichukuliwa na maji na kuacha mabonde yenye vinamasi, ndiyo maana mafuriko husumbua Ndeeba, mtaa wa bondeni, kuliko Mengo.

Jibu 2: Naongezea upande wa historia. Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, aliishi kilimani, akitazama pande zote. Muteesa wa Kwanza alijenga ikulu Kasubi mwaka 1882, akazikwa humo 1884, na makabaka wengine watatu wa baadaye wakazikwa hapohapo. Moto wa Machi 2010 uliteketeza nyumba kuu ya makaburi, yenye paa kubwa la nyasi lililokaribia kugusa ardhi, na kwangu hilo ni pigo lisilosahaulika.

Jibu 3: Tusisahau dini. Waanglikana walipewa Namirembe na Wakatoliki Rubaga, kilima kilichowahi kuwa na ikulu, na ushindani wao ulizaa vita vya Mengo vya Januari 1892.