Mwanangu anavaa nyundo ya Thor na Wanazi mamboleo nao wanaivaa: nimwambie aivue?

MamaKijana_Uppsala
Habari zenu wana jamvi. Naomba ushauri, hasa kwa mnaolea watoto huku Skandinavia.

Naishi Uswidi na mume wangu ni Mswidi. Kijana wetu ana miaka 14. Tangu akiwa mdogo bibi yake mzaa baba humsimulia habari za Odin, Thor na Loki, miungu ya kale ya Skandinavia, na mwaka huu kampa kidani cha fedha cha nyundo ya Thor. Hakivui hata akioga.

Shida ni kwamba kuna kundi la Wanazi mamboleo hapa, Nordiska motståndsrörelsen, wanaoandamana na bendera zenye runi ya Tyr, ile herufi ya kale inayofanana na mshale ulioelekea juu. Watu wa siasa hizo huvaa nyundo pia. Mfanyakazi mwenzangu aliona picha ya mwanangu akaniambia nimvue haraka, watu watamdhania mbaguzi. Halafu shuleni mwanafunzi mwenzake akamwambia vitu hivyo si vya "watu kama wewe". Mtoto kabanwa huku na huku. Mimi nataka aendelee kuvaa, ni urithi wa bibi yake. Lakini nahofia asije akapigwa njiani. Nifanyeje?

Mzee wa Chumbageni
Pole binti yangu. Mimi ningemvua. Kwanza usalama wa mtoto, pili hiyo ni miungu ya watu na sisi tuna dini zetu. Mnunulie mkufu mwingine, atasahau.

Baharia_Oslo
Dada, usimvue. Ila mfundishe kutofautisha alama, kwa sababu hazina uzito mmoja.

Runi ya Tyr, runi ya odal na zile sig mbili zilizokaa kama radi zilitumiwa na SS, jeshi la Wanazi wa Hitler lililoongozwa na Himmler. Mwaka 1935 Himmler alianzisha taasisi ya Ahnenerbe ili wasomi wamtafutie ushahidi wa ubora wa "mbari" yake katika mambo ya kale. Hapa Norwe chama cha Quisling, kiongozi aliyeshirikiana na Wanazi, kilikuwa kinafanya mikutano kwenye vilima vya makaburi ya kale pale Borre, kijionyeshe kuwa ndicho mrithi wa Waviking, mabaharia wa kale wa Skandinavia. Runi hizo zikichorwa peke yake kwenye nguo au bendera, watu wana haki ya kushtuka. Mwaka 2018 timu ya Norwe ya kuteleza kwenye theluji iliacha kuvaa sweta zake zenye runi ya Tyr kabla ya Olimpiki, maana Wanazi mamboleo walikuwa wameshaiteka.

Nyundo ni habari nyingine. Huku wanaivaa wapiga muziki wa metali, wafuasi wa dini ya Asatru, wanaoiabudu hiyo miungu ya kale, hata wazee wanaopenda historia tu. Anayeivaa peke yake hadhaniwi vibaya na wengi. Nyundo pamoja na mshale wa Tyr na buti, hapo ndipo watu huvuka barabara.

Mchimba_Vigae
Nasoma akiolojia, na jambo hili linaniuma kwa sababu wanachokisema hao watu, kwamba Waviking walikuwa weupe wa damu safi, ni uongo unaopimika.

Mwaka 2020 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya mabaki ya watu 442 kutoka sehemu nyingi za Ulaya na Greenland, wengi wao wa zama za Waviking. Damu safi haikuonekana. Walichanganyika na watu wa kusini mwa Ulaya na hata wenye asili ya Asia, na wengi walikuwa na nywele nyeusi au za kahawia. Kule Orkney, visiwa vya kaskazini mwa Skoti, watu waliozikwa kwa heshima za Kiviking, na panga zao, walikuwa wenyeji wa Skoti kwa nasaba. Kuwa Viking ilikuwa ni shughuli na maisha. Ukoo haukuwa sharti.

Tena nenda Gotland, kisiwa cha Uswidi. Mwaka 1999 pale Spillings ilichimbuliwa hazina ya fedha ya kilo 67 hivi, na sarafu zake zaidi ya 14,000 karibu zote ni dirhamu, yaani sarafu za fedha za nchi za Kiislamu. Ukiishika dirhamu ya aina hiyo ni nyembamba kama ukucha, ina maandishi ya Kiarabu pande zote mbili, hakuna picha ya mfalme. Biashara iliyoipeleka huko ni ya dunia ileile iliyotufikia sisi wa pwani ya Afrika Mashariki. Al-Masudi, msafiri na mwandishi Mwarabu, alisafiri hadi Qanbalu, kisiwa ambacho wengi husema ni Pemba, mwaka 916. Miaka sita baadaye mjumbe wa Baghdad, Ibn Fadlan, akawa ukingoni mwa mto Volga, Urusi ya leo, anawaandika Warus, ndugu wa hao Waviking.

Nyamagana
Mzee wa Chumbageni, shikamoo. Kuhusu dini, kule Trendgården, Denmaki, kulipatikana kibao cha jiwe cha kusubia madini, cha karne ya 10. Kina nafasi za kumimina misalaba na nafasi ya nyundo, vyote kwenye jiwe moja. Fundi yule aliwauzia Wakristo na wasio Wakristo. Wenyewe waliishi pamoja hivyo.

Mzee wa Chumbageni
Marahaba. Hilo la fundi sikulijua. Bado nasema usalama kwanza.

Baharia_Oslo
Na huyo aliyemwambia "watu kama wewe", kijana amuulize mama yake Thor ni nani. Ni Jörð, wa ukoo wa majitu. Mama yake Odin, Bestla, naye ni jitu. Miungu Njord na Freyr walitoka kwa Vanir, ukoo mwingine wa miungu waliokuwa maadui, wakaletwa kama mateka wa amani na wakaheshimiwa kama miungu wengine. Mwanao ana mama wa upande mwingine kama Thor mwenyewe.

Mwanahawa_Turku
Niongeze kwamba wenye imani hiyo wenyewe hawajakaa kimya. Mwaka 2016 vikundi vingi vya Asatru vilitia saini Tamko 127, vikakata uhusiano na jumuiya moja ya Marekani inayofunga dini hiyo kwa watu weupe. Namba ni ya beti la Hávamál, shairi la kale la mafunzo ya Odin, linalosema ukiona uovu, useme ni uovu. Hapa Ufini, kundi la wapinga wahamiaji liitwalo Soldiers of Odin walipoanza kuzunguka mitaani usiku wakidai wanalinda watu dhidi ya wakimbizi, mwanamke mmoja akasajili jina lao kama alama ya biashara, akauza fulana za jina hilo zenye farasi wa pembe moja waliochorwa kwa rangi za kung'aa. Ongea na mwalimu pia, suala la shule lisiachwe kwa mtoto.

MamaKijana_Uppsala
Asanteni sana, na wewe mzee wangu pia. Kidani kitabaki shingoni, ila siku za maandamano atapita njia nyingine. Nimeshaomba kuonana na mwalimu wake. Mchimba_Vigae, hizo dirhamu zinaonekana wapi? Nataka azione yeye na bibi yake.

Mchimba_Vigae
Makumbusho ya Gotland, mjini Visby. Feri zinatoka Nynäshamn, kusini mwa Stockholm. Kiangazi hujaa, kateni tiketi mapema.