Corolla 110 inapiga "tak" moja na kunyamaza, fundi anataka nibadilishe stata nzima

Moro Kavu
Habari wakuu. Nina Corolla 110 ya 1998, injini ya 5A, otomatiki. Nikizungusha ufunguo inapiga "tak" moja halafu kimya. Narudia, tak. Nikiendelea kurudiarudia, ghafla inawaka kana kwamba haikuwa na shida yoyote. Ikishawaka haina neno mpaka niizime. Fundi wa kwanza aliniambia betri, nikaweka mpya, hali ni ileile. Wa pili anasema stata imekufa, niagize ya mtumba kutoka Dar, laki na ushee bila ufundi. Kabla sijatoa hela nyingine naomba mawazo yenu.

Chuma Chakavu
Stata hiyo mkuu. Badilisha ulale usingizi.

Babu Volti
Tusimuuzie mtu stata kwa kusikia tak tu. Moro Kavu, nijibu mambo mawili. Unapozungusha ufunguo, taa za dashibodi zinafifia sana, kidogo, au zinabaki vilevile? Ukitaka kuona vizuri, fanya usiku, taa kubwa zikimulika ukuta. La pili, ukiweka gia N badala ya P kuna tofauti?

Dada wa Gereji
Naongezea: hiyo tak inatoka wapi? Rilei (swichi ndogo ya umeme) nayo hulia, ila sauti yake ni nyembamba. Ya stata ni nzito na iko chini, pale injini inapokutana na gia boksi. Kama ni ya stata, basi swichi ya ufunguo na swichi ya gia zimeshapitisha umeme wa kuanzia, na hakuna haja ya kuanza kufungua usukani kama mafundi wengine wanavyopenda.

Moro Kavu
Shukrani kwa kunijibu haraka. Taa zinabaki vilevile, labda zinapungua kidogo sana. P na N ni sawa. Nimemweka kijana asikilize, anasema ni nzito na inatoka kwenye stata yenyewe.

Babu Volti
Vizuri. Betri ikiwa dhaifu, au stata ikiwa imekwama, taa hufifia sana kwa sababu stata inavuta umeme mwingi kuliko betri inavyoweza kutoa. Zako hazififii, maana yake ule umeme mkubwa hauondoki kabisa kwenye betri. Njia yake imekatika mahali. Nashuku sehemu mbili: waya wa ethi unaofunga injini na bodi, au vipande vya shaba ndani ya solenoidi, lile kopo dogo lililobebana na stata. Dalili zao zinafanana, kwa hiyo kubahatisha hakufai. Tafuta mita, hata ile ya bei rahisi. Iweke kwenye volti za DC, alama ya 20.

Gia P, breki ya mkono juu, mtu mmoja ashike ufunguo kwenye start wakati wewe unapima. Asishikilie zaidi ya sekunde chache kila mara. Vipimo vyote vichukuliwe WAKATI anashikilia, sio kabla. Waya uliooza hadi umebaki uzi mmoja utakuonyesha volti 12 safi kabisa kama hakuna kinachovutwa.

Pima kichwa cha hasi cha betri na chuma tupu cha injini. Gusa kichwa chenyewe cha betri, usiguse kibanio, maana ukungu mweupe hukaa kati yao. Ikizidi nusu volti, ethi ni mbovu. Kisha kichwa cha chanya na boliti nene ya stata inayopokea waya wa betri, kipimo ni hichohicho. Mwisho, boliti hiyo nene na ile ya pili yake, inayoshuka kuingia kwenye mota ya stata. Hapo stata isiyo na kosa huonyesha volti kidogo mno. Ukikuta inabaki karibu na 12 wakati tak imeshalia, shaba zimekwisha.

Chuma Chakavu
Mzee darasa lote hilo kwa ajili ya stata ya Corolla? Kariakoo zimejaa.

Babu Volti
Zimejaa, na nyingi zimetoka kwenye magari ya umri uleule, na shaba zilezile zilizokwisha.

Kwetu Tanga
Mimi naweka hela yangu kwenye ethi. Gari letu la zamani lilikuwa hivi, na waya wa mafuta wa kanyagio ulikuwa unapata moto ukipiga stata. Umeme ukikosa njia ya kurudi kwenye betri hupita popote penye chuma. Jaribu waya wa kubusti: ncha moja hasi ya betri, nyingine chuma cha injini, kisha piga ufunguo. Ikishika, umemaliza.

Dada wa Gereji
Hilo jaribio la Tanga ni zuri na halina gharama. Ila tafadhali asitokee mtu wa kumwambia aunganishe boliti za stata kwa bisibisi. Gari ikiwa kwenye gia itamkanyaga.

Moro Kavu
Wakuu nimerudi na majibu. Nimeazima mita kwa fundi redio. Ethi ya nyongeza ya Kwetu Tanga haikubadilisha kitu. Betri kabla ya ufunguo 12.6. Ufunguo ukishikiliwa:
Betri 12.2
Hasi ya betri na injini 0.05
Chanya na boliti nene ya stata 0.06
Boliti nene na boliti ya pili 11.8
Waya mdogo unaotoka kwenye ufunguo, kupima na bodi ya stata, 11.4

Babu Volti
Umepima vizuri kuliko mafundi wote wawili. Ethi nzima, waya wa chanya mzima, amri ya ufunguo inafika. Volti zako zote zinaishia kati ya boliti mbili za solenoidi. Stata nyingi za Denso, na Toyota hizi huja nazo, zina vipande viwili vya shaba humo ndani na sahani ya shaba inayorushwa kuviunganisha. Kila ukiwasha gari cheche inalamba shaba kidogo. Miaka ikipita kipande kimoja, mara nyingi cha upande wa betri, kinakuwa kifupi, sahani inagusa upande mmoja tu. Ndiyo tak yako. Zinauzwa peke yake. Kabla ya kushusha stata toa waya wa hasi wa betri, maana ile boliti nene ina umeme muda wote na haina fyuzi. Na ukishaifungua, angalia kaboni pia, zile zinazopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka ya mota.

Kwetu Tanga
Hela yangu imeliwa basi. Safi sana Babu.

Bandarini
Naingilia kidogo kutoka Mombasa. Starlet yangu stata inazunguka fiti, lakini injini haishiki. Nipime hizo boliti?

Dada wa Gereji
Hapana. Kama inazunguka vizuri, stata haina kosa. Wewe tafuta cheche na petroli. Kama ni ya EFI (petroli inapulizwa kwa kuongozwa na kompyuta), fungua kile kiboksi chenye maandishi DIAGNOSIS kwenye boneti, unganisha TE1 na E1, weka ufunguo ON bila kuwasha, uhesabu taa ya injini inavyopepesa. Moja, kituo, mbili ni kodi 12 (kodi ni namba ya hitilafu), kompyuta haipati mawimbi ya mzunguko kutoka kwenye distributa. Kodi 14 ni upande wa ignita, kifaa kinachoendesha koili ya cheche. Ikipepesa mfululizo bila kituo, haina kodi.

Moro Kavu
Mrejesho. Shaba zimebadilishwa leo, moja ilikuwa imelika hadi imekuwa kama ukucha, nyingine bado nene. Kaboni bado zina maisha. Inashika mguso wa kwanza, baridi na moto. Nikiwa na mita mkononi nimepima na chaji injini ikiwa inanguruma: 14.1.

Babu Volti
Alternata iko sawa, mrudishie fundi redio mita yake.

Bandarini
Yangu inatoa moja kituo nne.

Dada wa Gereji
Fungua uzi wako mkuu, useme na injini ni ipi.